Tundu la Senti Kumi

Juzi, katika kibanda cha nyama pale soko la Burma, fundi wa nguo kutoka Shauri Moyo alituonyesha karatasi yenye picha ya senti kumi ya kikoloni, ile yenye tundu katikati, iliyokuwa ikinadiwa kwenye intaneti. Muuzaji aliapa kwamba nyanya yake aliivaa shingoni miaka arobaini. Fundi alitaka kuuza cherehani yake ainunue.

Mama muuza matumbo akavuta uzi shingoni, akatoa senti kama hiyo. Tundu lake lilikuwa limelika upande wa juu.

"Huu uzi ndio umeila hapa, baba. Hiyo yako tundu bado ni duara. Huyo nyanya aliivaa bila uzi?"

Fundi akakunja picha, akarudi kwa cherehani yake.

Mimi nilikuwa nimeshagundua mapema, ila mdomo ulikuwa umejaa nyama. Nyumbani niliitazama pete ya mke wangu. Imekonda upande wa kiganja.