Maji ya Jongoo Bahari

Harufu ya jongoo bahari aliyelowekwa ni ya chumvi na uvundo kidogo, na nikiisikia mpaka leo moyo hunienda mbio. Mwaka ule wa vita, nikiwa na miaka tisa, ilijaa nyumba yetu ya mtaa wa Buyenzi. Mdogo wangu Yusufu, wa miaka mitatu, alikuwa akiharisha damu, na njia ya kwenda zahanati ilikuwa na risasi. Mjomba Ramadhani, dereva wa lori la Dar es Salaam, alikuwa ametuachia majongoo bahari matatu, viumbe wa baharini wenye umbo la tango, makavu na magumu kama soli ya kiatu. Alisema wanunuzi wa kule huyasifu kwamba husafisha utumbo na kuupa mwili kinga. Yalowekwe siku tatu, maji safi yaliyochemshwa yakibadilishwa asubuhi na jioni, ndipo yapikwe supu.

Mabomba yalikuwa makavu wiki nzima. Tulibaki na dumu moja tu. Mama alichemsha, akamimina kwenye bakuli la majongoo ya dawa, na maji ya jana akayamwaga uani. Yusufu aliyafuata kwa macho, midomo imempasuka.

“Mama, Yusufu anataka mayi,” nilisema.

“Apana! Yatamuendesha zaidi. We usiguse, ile ni mayi ya dawa.”

Siku ya pili Mama alikwenda kwa jirani kuomba makaa. Bunduki zililia upande wa mtaa wa Mutakura, lakini kilichonitisha zaidi ni Yusufu: hata kulia alikuwa ameacha. Nilichukua maji safi ya zamu ya jioni, nikamnywesha kijiko baada ya kijiko mpaka yakaisha. Mama aliporudi nikamwambia nimeshabadilisha. Alifurahi, akaniachia kazi hiyo, nami nikawa namnywesha Yusufu maji na kurudia uongo ule asubuhi na jioni, huku majongoo yakivunda kwenye maji yale yale. Niliogopa mpaka nikashindwa kula. Niliamini supu ile itamuua, na muuaji ni mimi.

Supu ilipoiva, Yusufu alikuwa ameanza kulia tena, kwa machozi. Aliionja, akaitema. Baada ya siku mbili akaomba ugali, na Mama, hadi siku aliyofariki, alimsifu jongoo bahari kwa mtaa mzima.

Siku hizi mimi ni muuguzi. Nawaambia akina mama kila siku kwamba mtoto anayeharisha anyweshwe, asinyimwe maji. Juzi Yusufu, baba wa watoto wawili sasa, alinionyesha kwenye simu tangazo la vidonge vya jongoo bahari, vya tumbo na kinga.

“Dada, si hii ndiyo iliniponesha? Niagize?”

“Agiza tu,” nilimjibu. Ningemwambia kwamba aliponywa na maji, angeniuliza ni nani aliyekuwa akiyamwaga uani huku yeye ana kiu.