Meno Yangu ya Chini Yalivyopona

Ule mwaka unga wa mahindi ulipotea kwetu Mutshatsha, tukala bukari, ule ugali wetu, ya mihogo mpaka batoto wakanuna. Mihogo yenyewe ilisagwa hovyo. Siku moja nikauma changarawe, jino la chini likamegeka, njo nikaenda kwa daktari wa meno.

Akanipiga picha ndogo, akaiinua kwenye mwanga. Ndani ya mfupa wa taya kulikuwa na mabaka, meupe na meusi.

"Mama, mufupa inaonekana imeoza," akasema. "Tung'oe meno yote ya chini, tuifungue, tuangalie."

Binti yangu, aliyenisindikiza, akaanza kulia. Baba yake alikufa na uvimbe wa shingo. "Mama, kubali. Batoe yote, ubaki na sisi."

Mi nimewahi kukaa Kasulo, mtaa wa wachimba madini kule Kolwezi. Nimeona watu wakichimba chini ya vitanda vyao kwa kuwaza tu kwamba kuna kitu, na nyumba ya jirani ikazama na masufuria yake. Nikasema:

"Mu mufupa yangu hakuna mutu atachimba."

Daktari hakukasirika. Alisema Kolwezi kuna mashine inayoona vizuri zaidi, twende kwanza huko. Na daktari wa meno mwenye mashine hiyo ni nani? Mjukuu wangu, mtoto wa huyo binti anayelia. Nilimsomesha kwa kuuza makala, mkaa wa kupikia. Weusi wake bado uko kwenye kucha zangu, wala siuonei haya.

"Kambo," akaniita, yaani bibi, "weka kidevu hapa. Usitikisike, usiseme."

"Nitaweza?"

"Jaribu. Hata Mungu atashangaa."

Mashine ikanizunguka kichwa polepole, kama mnunuzi anayezunguka mbuzi sokoni. Kisha nikaliona taya langu kwenye kioo cha kompyuta, limekatwa vipande vyembamba kama mkate, na damu hakuna.

"Ile picha ya kwanza ililaza yote pamoja, mbele na nyuma," mjukuu akasema. "Hapa naona kila upande."

Penye mizizi ya meno kulikuwa na madonge kama vijiwe. Ukuta wa mfupa ulikuwa mzima, haukuvimba popote. Akagusa kila jino kwa pamba ya baridi, na kila jino likashtuka.

"Yote iko hai, kambo. Haiko kansa. Ni mufupa tu ilijijenga vibaya, inafikaka kwa bamama wengi. Tukiifungua, njo itaoza kweli. Piga mswaki, na kila mwaka nitaangalia tena."

Akaziba lile jino lililomegeka. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru daktari wa Mutshatsha aliyekubali kungoja, nikaishukuru hata ile changarawe. Bila yake, nani angetazama humo?

Binti yangu akafuta machozi. "Sasa si mutoe tu ile bijiwe, nilale usingizi?"

Mjukuu akanitazama, anangoja nijibu mwenyewe. Nikamjibu mama yake:

"Mu mufupa yangu hakuna mutu atachimba."