Mahali Panapotisha Kuliko Pote Lurambi

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nje ya geti langu la Lurambi najua machache sana. Lakini bodaboda za baiskeli zilipojaa Kakamega miaka ile ya tisini, niliamua kuandika orodha ya barabara hatari, vijana wasiendelee kuvunjika mifupa. Kila baiskeli iliposhuka mteremko wetu, niliruka barabarani na daftari: "Simama! Wiki hii umeangukia wapi?" Wengine walinijibu wakiwa mtaroni. Niliwahurumia, nikaandika.

Siku ya mkutano wa waendeshaji wa bodaboda nilivaa tai yangu ya harusi. Moyo ulinidunda kwa furaha, maana wote walikuwa wamepiga kura kutaja mahali wanapopaogopa zaidi. Mwenyekiti wao akasoma.

"Navakholo, kwa sababu ya matrekta ya miwa, kura tatu. Barabara ya Bukura, tano. Hapa Lurambi, thelathini na moja."

"Lurambi wapi?" nikaruka na kalamu.

"Pale kwa mteremko, mzee. Kuna mtu hutoka kwa geti mbio na daftari. Ukishika breki unaanguka, usiposhika anakukimbiza. Hiyo uandike kwa herufi kubwa."