Siku Foni ya Kamina Iliponyamaza

Mutanicheka, najua, maana hata mke wangu bado ananicheka, lakini siku niliyongoja jibu la uchumba mbele ya wazee, ni mimi niliyeimaliza bateri.

Ilikuwa wakati wa vita. Nilikuwa naendesha foni, ile redio ya kuongea na watu wa mbali, katika duka la mjomba hapa Kamina, na saa kumi alasiri baba yake Zaina, mfanyabiashara aliyekwama Lubumbashi, angesema kama ananipa binti au hanipi. Mchana sina kazi, nikasema nicheze kidogo tu (kidogo tu, jamani). Mjomba alikuwa na televisheni ndogo na mchezo mmoja wa kuchezea humo, usio na bunduki hata moja: kamtu kenye kichwa kikubwa kanasukuma masanduku, kanaruka, kanatafuta namna ya kufikia mlango, na ukikaacha kanakaa chini kanajikuna mguu. Mji umejaa askari, na mimi nilipenda mahali ambapo shida inaisha ukifikiri vizuri. Nikauunganisha kwenye bateri ya foni, chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu, mara wazee wako mlangoni na kanzu zao, mama Zaina mbele.

Baba akasikika vizuri. "Bote muko apo? Basi musikie. Juu ya huyu kijana..." Foni ikazimika. Nikaipiga kofi, wapi.

Mama Zaina akafuata waya kwa macho mpaka kwenye televisheni. "Weye, bateri yote njo umepatia hii kitu?"

Mafuta ya jenereta ya kuchajia bateri yalipatikana baada ya siku mbili. Tukarudi wote, nikaita Lubumbashi, na baba aliposikia sauti yangu akalia, akalia kweli, huku kila duka lenye foni likisikiliza. Wakati wa vita foni ikikatika katikati ya neno, watu wanaelewa mji umeingiliwa, na kule walikuwa wamekwisha kukaa kilio cha mkewe na bintiye.

"Baaskari balifikia wapi?" akauliza.

Mama Zaina akaninyang'anya kipaza sauti. "Hakuna baaskari. Huyu alikuwa anacheza jeu ya ku televisheni."

Nilitamani ardhi inimeze.

"Miye siku ile nilikuwa nasema ndiyo," baba akasema mwishowe. "Sasa muniache kwanza nifikiri."

Alifikiri miezi minne. Zaina nilimpata, lakini tangu hapo sigusi mchezo wowote kabla sijauliza ni nani mwingine anayeitegemea bateri hiyo.