Saa Mbili za Mzee Kioko

Siku yangu ya kwanza katika duka la kutengeneza saa, Fundi Mkuu alinipa kibano na trei ya skrubu ndogo kama punje za wimbi, akaniambia nizipange kwa ukubwa hadi jioni. Sikugusa saa hata moja. Nilikaa chini yake miaka sita pale Nairobi, kisha nikapelekwa tawi la Rongai. Huko Meneja alinifunza somo lingine: "Mteja akileta saa nzima, usimwambie ni nzima. Atasema hujui kazi." Tawi lilipofungwa nilihamia Kitengela, nikafungua kibanda changu kando ya barabara ya Namanga, nikapigana na vumbi la mawe kila siku hadi nikachoka.

Hapo ndipo Mama Mwende aliponipata. Mumewe, Mzee Kioko, alikuwa msimamizi wa machimbo ya mawe. Alipostaafu, watoto walimnunulia saa ya wapiga mbizi, nzito, isiyoingiza maji, ingawa mzee hakujua kuogelea. Ilikuwa otomatiki. Saa ya aina hiyo haina betri. Ndani mna kipande cha chuma kinachozunguka mkono ukisogea, na huko kuzunguka ndiko kunakokaza springi.

"Fundi, imekataa kutembea," Mama Mwende alisema. "Mafundi wawili wameshaifungua."

Niliitikisa kidogo. Ikatembea.

"Mzee anaivaa mkono gani?"

"Wa kushoto. Ule ulikufa na stroki."

Nikamweleza kwamba saa haina ubaya, ni mkono tu usioisogeza. Akasema kwa sauti ya chini, "Kila asubuhi anafanya mazoezi ya huo mkono, halafu anaangalia saa. Ikiwa imesimama, hata chai hanywi. Weka mashine ya betri ndani, fundi. Apate moyo."

Nilipaswa kukataa. Badala yake nilitafuta mashine ya betri inayotosha, nikafupisha kijiti cha kile kifundo cha kurekebishia majira, nikapachika mishale upya.

Siku ya tatu niliitwa nyumbani kwao. Mzee alikuwa kwenye kiti, saa juu ya goti. Ulimi wake ulikuwa mzito, macho makali.

"Mshale wa sekunde unaruka," alisema. "Wangu ulikuwa unateleza. Nani ameniona mtoto?"

Mama Mwende aliinama.

"Ni mimi, mzee," nilisema. "Nisamehe."

"Rudisha yangu. Na kama uko na ya betri, leta ya betri. Isijifanye ingine."

Nilirudisha mashine yake, nikampelekea kronografu ya betri, ya bei nafuu, yenye vitufe ubavuni vya kuhesabia sekunde. Ilikuwa nyepesi, na kioo chake kilikwaruzika upesi, lakini ilishika majira kuliko ile ghali, tena bila kumtegemea mvaaji. Mama Mwende ndiye aliyevibonyeza, akipima mzee anaweza kusimama kwa muda gani. Mara ya kwanza nilikuwepo: sekunde kumi na moja. Miezi baadaye alipita dakika mbili, ameshika meza. Mkono wa kushoto haukurudi.

Sasa nimestaafu. Macho yamechoka, mgongo pia. Watu bado huniuliza ipi bora, ya betri au otomatiki, nami huwaambia wanunue wanayoipenda. Kati ya saa zote nilizofungua, ile niliyoitengeneza kwa ustadi mkubwa zaidi ndiyo ninayoionea haya.