Sakafu ya Saruji Juu ya Lori

Soko huria lilipofika Bariadi, kila mwenye mzani akawa mnunuzi wa pamba na kila mwenye gari akawa mfanyabiashara. Mume wangu hakuwa na mzani wala gari. Basi akanunua lori la ushirika lililouzwa kama chuma chakavu: kichwa, injini, na nyuma chesisi tupu, mifupa ya chuma bila bodi.

"Tunajenga nyumba hapa juu," akaniambia. "Kitanda, jiko, rafu za bidhaa. Msimu wa pamba tunafuata wanunuzi, ukiisha tunafuata minada ya ng'ombe. Kodi ya chumba kwisha."

"Na nyumba yetu ya Somanda?"

"Ile haitembei, mama."

Nyumba yenye kosa la kutotembea ilikuwa ya vyumba viwili, kuta zimeshafika kwenye linta. Ilibaki paa tu. Mabati nilikwisha kuyanunua mwenyewe, kwa pamba ya kipande cha shamba alichonipa mama yangu kule Sola, nikayaegemeza nyuma ya kitanda kwenye chumba tulichopanga. Chumba hicho kilivuja kuliko chujio. Mwanangu alikuwa na miezi minane na kifua kilichokoroma tangu mvua zilizopita. Sikuomba ghorofa. Nilitaka vuli imkute mtoto mahali pakavu.

Siku moja narudi kutoka kliniki, mabati hayapo.

"Nimeyaazima," akasema. Huyu bwana huazima vitu vyangu kama jua linavyoazima umande.

Fundi wa magari alimshauri bure kabisa: bodi ya lori ni mbao nyepesi na bolti, kwa sababu barabarani chesisi hujipinda, na bodi lazima ijipinde nayo. Mume wangu akamshukuru, kisha akaenda kumwita mwashi. Si nyumba? Nyumba hujengwa na mwashi. Na kwetu nyumba ya mtu anayejiheshimu ina sakafu ya saruji. Nani atakaa kwenye mbao kama kuku? Wakalaza mabamba ya chuma juu ya chesisi, wakatandaza kokoto na nondo, wakamwaga zege, wakalainisha, wakalimwagilia maji asubuhi na jioni lisipasuke. Mama mkwe alikuja kutoka kijijini, akavua kandambili kabla ya kupanda.

"Mayu, mama yangu, umeolewa vizuri," akaniambia, akiipapasa sakafu kwa unyayo. "Hata mwenyekiti wa kijiji anakaa kwenye udongo."

Kuta zikasimama, dirisha likawekwa nondo, kwa usalama wetu. Mlango wa mninga ukaingia kwenye fremu yake vizuri, hata karatasi haipenyi. Juu, mabati yangu.

Safari ya kwanza ilikuwa mnada wa Sapiwi. Yeye na dereva walikaa mbele. Mimi, kwa kuwa ndiye mwenye nyumba, nilikaa ndani ya nyumba, mtoto mgongoni. Kwenye mashimo ya kwanza ufa ulikimbia katikati ya sakafu. Kwenye korongo ukazaa. Tulipofika, lori limelalia upande, nikasukuma mlango. Haukutikisika. Fremu ilikuwa imepinda, ikauuma mlango kama fisi.

"Vuta taratibu!" mume wangu akapiga kelele kutoka nje.

"Nivute nini? Unafungukia nje!"

Akaleta nyundo, akaleta mtaimbo. Watu wakaacha ng'ombe wakaja kutuangalia sisi. Bibi mmoja muuza ugoro akasogea dirishani, akanisalimu Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Unauzwa wewe au unauza?"

"Muulize mwenye duka, bibi."

"Mtoto je?"

"Huyo ni nyongeza."

Walicheka mpaka wachungaji. Lakini jua lilikuwa limepanda, bati linachoma, na mtoto aliacha kulia akaanza kuhema kwa mbavu. Hapo nikaacha mzaha.

"Toa mabati!" nikamwambia mume wangu. "Tutokee juu."

"Mama, yatapata matundu."

Alisema hivyo. Mbele ya watu, na mwanawe anahema. Nikamgeukia yule bibi, nikamwomba atafute vijana wenye nguvu. Wakapanda watatu, wakang'oa misumari. Nikampitisha mtoto kwanza, kisha nikapanda rafu, nikatoka. Bibi akampepea mtoto kwa kanga mpaka pumzi ikatulia.

"Sasa tuyarudishe kabla ya upepo," mume wangu akasema.

"Shusheni yote," nikawaambia wale vijana.

Nikakodi mkokoteni wa ng'ombe pale pale mnadani, nikapanda juu ya mabati na mwanangu, nikarudi mjini. Wiki ile yakapigiliwa Somanda, matundu nikayaziba kwa lami. Mvua ya kwanza ikatukuta ndani, tumekaa kwenye sakafu ya udongo, pakavu.

Zege wamelivunja kwa nyundo. Fundi wa magari ameweka mbao, na lori linabeba pamba. Juzi mume wangu aliniambia kwamba msimu ukiisha angependa kuyaazima tena mabati, kidogo tu. Nimemwonyesha ngazi ilipo. Mpaka naandika haya, hajapanda.