Kadi Nambari Thelathini na Moja

Mimi kungoja sijui. Nikiteleka chai nasimama pale pale nikiikodolea macho, na lifti ya ofisini mjini ikichelewa kidogo tu napanda ngazi, ingawa magoti yalishanikataza. Kwa hivyo watu hucheka wakisikia kwamba starehe yangu ni kubadilishana kadi kwa posta.

Ni kadi za magari ya rali, zile zilizotoka kwenye pakiti za chingamu tulipokuwa watoto mtaani Woodley, Nairobi. Jumla ni hamsini, kila moja na nambari yake nyuma. Nilikuwa nazo arobaini na tisa. Iliyokosekana ni ya thelathini na moja: gari jeupe limezama kwenye matope na watu wanne wanalisukuma.

Tunaokusanya kadi hizi tuna grupu kwenye simu, watu kama thelathini, wengi wetu na mvi. Msimamizi ni Kalasinga mmoja mwenye duka la vipuri Westlands, na sheria amezitunga yeye. Kadi ipigwe picha mbele na nyuma, iwekwe kati ya vipande viwili vya katoni, na wote wawili waposti siku moja. Sheria kubwa ni hii: mpaka mpokeaji aandike "imefika", hasara ni ya mtumaji. Kadi ikipotea, mtumaji anarudisha alichopokea, anaongeza kadi yake moja ya fidia, na jina lake linatiwa alama ya eksi mbele ya wote. Nilikuwa naipenda sana sheria hiyo.

Mwaka jana mwalimu mmoja mstaafu wa Kitale akajitokeza na nambari thelathini na moja. Badala yake akataka kadi mbili nilizokuwa nazo za ziada. Tukaposti Jumatatu. Zangu zilimfikia Alhamisi, na saa hiyo hiyo akaandika "imefika, asante sana". Yake haikuonekana.

Nilimpa anwani ya boksi la kanisa la mama kule Kabiria. Boksi langu mwenyewe sijawahi kuwa nalo. Tangu nikiwa shule, barua zangu zimepitia kanisani kama za nusu ya mtaa, unaandika jina la kanisa kwanza halafu lako chini. Nilimpigia katibu wa kanisa, mama mmoja makini sana, nikamuuliza kama kuna barua yangu. Akasema hakuna. Wiki iliyofuata nikampigia mara tatu. Mara ya tatu aliniambia, "Si nilikuambia hakuna? Ikikuja nitakupigia."

Sikutulia. Saa ya chakula cha mchana niliacha sahani na kwenda posta kumsumbua karani wa dirishani, ambaye alinijibu bila kuinua macho, "Boksi iko na funguo, mzee. Uliza mwenye funguo." Ofisini nilianza kuwafokea watu bure. Nyumbani nilifungua albamu, nikaangalia ile nafasi tupu, nikaifunga, nikaifungua tena.

Wiki ya nne nikaandika kwenye grupu: "Mwalimu, sheria unaijua."

Alijibu kwa adabu kwamba aliposti. Mmoja akamuuliza risiti iko wapi. Hakuwa nayo, alibandika stempu akatumbukiza. Mwingine akaandika, "Mzee ametucheza," na wengine wakaweka vicheko. Msimamizi akatia eksi. Siku tatu baadaye nikaitwa kuchukua kifurushi kwenye ofisi ya mabasi mjini. Ndani mlikuwa na kadi zangu mbili, kadi nambari moja aliyoitoa kwenye albamu yake mwenyewe iwe fidia, na barua ya mwandiko ulionyooka wa ubaoni.

"Nisamehe," aliandika. "Naikumbuka siku hiyo na hata koti nililovaa. Lakini mke wangu anasema siku hizi nasahau, na wiki iliyopita niliacha maji ya bomba yakimwagika. Labda sikuiposti. Nimepekua nyumba nzima. Sasa sijui ni yapi mengine ninayodhani nimeyafanya."

Halafu akajitoa kwenye grupu. Na mimi, Mungu anisamehe, niliichukua ile nambari moja nikaipachika kwenye albamu, kwa sababu yake ilikuwa safi kuliko yangu.

Miezi miwili ikapita. Jumapili moja nilimpeleka mama kanisani. Walikuwa wanachanga kununua gari la kanisa, na baada ya ibada katibu akasimama mbele na faili la kadi za mchango. Kadi hizo kanisa lilizichapisha lenyewe, zina picha ya gari jeupe na nambari nyuma, na waumini walioko mbali huzirudisha kwa posta. Alikuwa anasoma majina, watu wanapiga makofi. Akafika kwenye moja, akaigeuza mbele na nyuma.

"Hii nambari thelathini na moja haina jina wala pesa," akasema. "Mwenye hii kadi asimame tu, hatutamuaibisha."

Nikasimama. Mama akanivuta koti na kuninong'oneza, "Kwani umetoa ngapi?"

Ilikuwa ile kadi yangu ya rali, imetobolewa matundu mawili ili iingie faili, moja limepita kwenye kichwa cha mtu anayesukuma. Juu ya matope kulikuwa na mhuri wa kanisa wa IMEPOKELEWA, na tarehe. Ilikuwa ile Ijumaa ya wiki tuliyoposti. Katibu alisema kila kinachotoka kwa boksi hugongwa mhuri siku hiyo hiyo, na bahasha yenye jina la kanisa hufunguliwa. "Si wewe uliuliza barua?" akasema. "Hiyo haikuwa na barua ndani."

Nilitoka nje nikazunguka kanisa mara mbili. Nilifikiria kunyamaza, siwezi kudanganya. Hakuna ambaye angejua. Halafu nikaona yale maji ya bomba yakimwagika na mzee wa watu akiyatazama. Nikampigia msimamizi nikiwa bado langoni, nikiwa na tumaini la kipumbavu kwamba ataniambia lawama ni ya katibu.

"Bwana, address ilitoka kwa nani?" akauliza.

"Kwangu."

"Basi ilifika. Ikishaingia kwa box umepokea, hiyo ni shida yako. Eksi ya mwalimu natoa, yako naweka. Utaandika kwa group ama niandike?"

Niliandika mwenyewe. Kisha nikampigia mwalimu, na kwa mara ya kwanza nikaisikia sauti yake, ndogo kuliko nilivyoidhania. Nilimweleza yote bila kupunguza. Akauliza jambo moja tu.

"Huo mhuri umeandikwa tarehe gani?"

Nikamsomea.

"Soma tena, polepole."

Nikasoma tena.

"Ijumaa," akasema. "Kwa hivyo Jumatatu niliposti."

"Uliposti, mwalimu. Nisamehe. Nakurudishia nambari moja yako, na zile zangu mbili ni zako."

"Nambari moja nitashukuru. Zako kaa nazo." Akakohoa kidogo. "Hiyo yenye mhuri ndiyo naomba."

Nikamwambia imetobolewa, imeharibika kabisa, haina faida tena.

"Nitumie hivyo hivyo," akasema.

Kesho yake niliziweka zote mbili kati ya vipande vya katoni, nikapanga foleni posta, nikazituma kwa rejista na risiti nikaitia kwenye pochi. Siku tatu nzima sikukaa kitini. Ya nne, nikiwa kwenye ngazi za ofisi, simu ikalia.

"Imefika," aliandika. "Mke wangu ameisoma tarehe mwenyewe."